Jina Lililotolewa na Mtani

Penina alikuwa mchapaji wa taarifa za Bunge. Kazi yake ilikuwa kuvaa visikilizio na kuyachapa maneno ya watu wengine kama yalivyotamkwa, pamoja na "kwa hiyo basi" zao zote. Mwaka wa tisa wa kazi hiyo ulimkuta ana hamu ya kuandika ya kwake. Ilikuwa 2006, intaneti kafe zimeshaenea mjini Dodoma, na gazeti moja lilikuwa limeandika kwamba mtu yeyote anaweza kufungua blogu akasomwa mpaka Ulaya, bila kumpigia mhariri magoti.

Kufungua kulikuwa kazi ya dakika chache. Kilichomtesa ni jina.

Alitembea na daftari wiki mbili nzima. Jina likimjia jikoni, analiandika. Likimjia kanisani, anajifanya anaandika mstari wa mahubiri. Kosa lake lilikuwa kuliacha daftari hilo wazi mezani ofisini, mahali ambapo Abbasi alikaa hatua tatu kutoka kwake.

Abbasi alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Penina ni Mgogo, kwa hiyo walikuwa watani tangu kabla hawajazaliwa. Neno ambalo mtu mwingine angeitiwa kikao, Abbasi alilisema akapewa chai.

"Upepo wa Dodoma," alisoma kwa sauti. "Mtani, upepo wenu una vumbi. Msomaji atapikicha macho badala ya kusoma."

"Lete daftari langu."

"Zabibu na Uwele. Hapo watajua unauza pombe ya aina mbili." Akafunua ukurasa. "Tafakuri za Mwanamke wa Nyanda za Juu Kavu. Hili zuri, ila ukimaliza kulitamka umeshasahau ulitaka kusoma nini."

Penina alimnyang'anya daftari, lakini jioni ile alilikata lile la nyanda za juu. Alikuwa amelipenda kuliko yote, na iliuma kuona kwamba mtu yule alisema kweli.

Jumamosi akaenda kwenye kafe ya Zaitun, mwanamke mpole mwenye kompyuta sita na feni moja. Abbasi akamfuata, akisema hawezi kumwacha mtani wake apate mtoto peke yake. Penina aliketi, akaandika "Kalamu Yangu." Mashine ikakataa, jina lina mwenyewe. Walipoifungua blogu hiyo ya mwenyewe, wakakuta ameandika neno moja tu miaka miwili nyuma, "jaribio," kisha akapotea.

"Amemaliza alichokuwa nacho moyoni," Abbasi alisema.

Akajaribu "Sauti Yangu." Ina mwenyewe. Akajaribu "Neno Langu." Nalo vilevile. Hapo simu yake ikalia, mumewe Marko anauliza ufunguo wa stoo uko wapi, na kwa kuwa ndani hakusikiki vizuri, Penina akatoka barazani. Marko hakuwa mtu wa kuelekezwa mara moja. Ufunguo ulitafutwa chini ya mkeka, nyuma ya redio, ndani ya kikapu, na ukapatikana mfukoni mwa Marko mwenyewe.

Aliporudi, Abbasi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani kama mtoto wa madrasa. Kwenye kioo kulikuwa na blogu mpya kabisa, na juu yake, kwa herufi kubwa za kijani: MLENDA NA MANENO.

Penina alisimama akiitazama. Mlenda, mboga ya kwao, ile ambayo watani hawajachoka kuisema kwamba inateleza kooni kabla mlaji hajaamua kumeza.

"Jina lilikuwa halina mwenyewe," Abbasi alisema. "Nimeshangaa hata mimi."

Penina alichukua mkoba wake akaondoka, na Jumatatu hakumsalimia. Zaitun alikuwa amemwambia jina linaweza kubadilishwa, lakini Penina akaona aweke kwanza makala yake ya kwanza, jina atalifikiria baadaye. Makala ilihusu wajibu wa raia. Aliifanyia kazi siku nne, na hakuweka humo hata "kwa hiyo basi" moja.

Wiki ile wasomaji watatu waliacha maoni. Wa kwanza, nesi wa Mwanza, aliuliza kama mlenda wa kukausha unahitaji magadi. Wa pili, mwanafunzi aliyekuwa Uswidi, alisema ameona jina akakumbuka kwao Kongwa, na akaomba mapishi. Wa tatu aliuliza mapishi yako wapi. Wajibu wa raia haukuguswa.

Jumapili Penina akaenda Bahi kwa shangazi yake, Emilia, mdogo wa marehemu baba yake, amweleze aibu iliyompata. Baada ya shikamoo na habari za nyumba zote mbili, alimsimulia, na ilimbidi kwanza aeleze blogu ni nini. Shangazi alisikiliza huku akichambua mchele.

"Nani amempa jina mtoto huyo?"

"Mnyamwezi mmoja wa ofisini, shangazi."

"Hakuuliza?"

"Hakuuliza."

"Basi halibadilishwi hilo. Jina la mtani hukaa. Lakini mtani anayempa mtoto jina bila kuuliza, mama akizidiwa, yeye anamlea. Mwambie nimesema mimi."

Penina hakujua kama hiyo ilikuwa mila ya zamani au imetungwa palepale juu ya ungo, na hakuuliza. Alichofanya ni kutoa daftari na kuandika namna shangazi anavyopika mlenda, pamoja na masimango yake yote kwa wanaoweka mafuta. Makala hiyo ilipata maoni kumi na tisa. Alijiona kama mtu aliyezunguka mlima wiki tatu akitafuta njia, kumbe wengine wanapita bondeni.

Bunge la bajeti lilipoanza, Penina hakuwa na nafasi hata ya kuchana nywele. Alimpelekea Abbasi hukumu ya shangazi neno kwa neno, kama alivyozoea kazini. Abbasi alicheka, akatazama kulia na kushoto, kisha akaacha kucheka. Amri ya shangazi wa mtani ni nzito, na yeye mwenyewe alikuwa ameyataka; makala inayofuata ingekuwa yake.

Jumamosi Zaitun akawapa kompyuta ya dirishani. Abbasi, ambaye ulimi wake haujawahi kukosa neno tangu Tabora, alikaa nusu saa mbele ya ukurasa mweupe, akaandika "Ndugu wasomaji," akafuta, akaandika "Wapendwa," akafuta.

"Mtani," alisema taratibu, "watu huanzaje?"

Penina alivuta kiti, akaweka mkoba mapajani.

"Mimi nimekuja kusoma tu," alisema.