Kata ya Kwanza ya Mzee Wenseslaus

Theodory aliusafirisha mkono wake wa chuma kutoka Pasua, mjini, hadi kwa wazazi wake Kibosho nyuma ya pikapu, akiwa ameukumbatia njia nzima kama mtu aliyebeba mtoto wa kwanza. Mkono wenyewe ulikuwa na mota ya waipa ya Peugeot, jagi la plastiki, betri ya gari na jicho moja la umeme. Kila shimo la barabara lilipougonga, yeye ndiye aliyesema "Aah!"

Zilikuwa zimebaki siku mbili Krismasi iingie, na alikuwa na sababu ya kuharakisha.

Kwenye ukoo wao, Krismasi ikifika, walioko Dar, Arusha na hata Mombasa hurudi kihambani, kwenye shamba la mababu, na mkubwa wa ukoo huwamiminia mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Hujaza kata moja, kibuyu cha kunywea, huionja mbele ya macho ya watu, kisha mwenye zamu huja kuinama na kuipokea. Kata isiyojaa ni tusi. Kata iliyomwagika ni dalili kwamba mmiminaji amechoka na ampishe anayemfuata. Sasa baba yake Theodory, Mzee Wenseslaus, alikuwa anatetemeka mikono tangu Pasaka. Alishamwaga chai, uji, mchuzi, na mara moja maji ya baraka mbele ya paroko. Na anayemfuata, baba mdogo Primus mwenye maduka, alishatuma salamu kwamba mwaka huu "atamsaidia" kaka yake. Huko Kibosho ukishasaidiwa kumimina, umestaafu.

"Shikamoo baba. Nimekuletea mkono," Theodory alisema.

"Marahaba. Ninayo miwili," mzee akajibu, akauzunguka ule mkono wa chuma bila kuugusa.

Theodory hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwa miaka kumi na moja alihudumia mashine ya kujaza chupa kwenye kiwanda cha mafuta ya kula, mpaka kiwanda kikauzwa na yeye akarudi nyumbani na spana zake. Kujaza alikujua. Taa upande huu wa ukingo, jicho upande ule; kimiminika kikipanda kikaziba mwanga, mkono unarudisha jagi. Kwenye karakana yake huko Pasua alikuwa ameujaribu kwa maji, kwa mafuta ya taa, hata kwa chai ya rangi. Haukumwaga hata tone.

Mama yake, Mektrida, ambaye ndiye aliyepika mbege, akaleta jagi limejaa. Mkono ukainama vizuri, ukamimina, ukasimama. Theodory akatabasamu. Mama akapuliza povu, akachungulia ndani ya kata.

"Vidole viwili," alisema. "Kilichobaki chote ni povu. Mpe Primus hii uone kama hatahamia kwa Walutheri."

Mafuta ya kula hayana povu, na wala hayachemki yenyewe yakiwa yametulia mezani. Mbege ya siku hiyo ilikuwa bado inapumua. Povu lilipanda haraka kuliko pombe, na jicho halikujua tofauti. Theodory aliona aibu, lakini asiyekubali kushindwa si mshindani. Kesho yake aling'oa jicho, akaweka mzani wa springi chini ya kata. Povu halina uzito, akajisemea, safari hii nimekupata.

Kata ya kwanza ikajaa sawasawa. Ya pili ikafurika mpaka kwenye viatu vyake. Chupa za kiwandani zote ni mapacha, lakini vibuyu huota shambani kila kimoja na tumbo lake; kimoja kizito, kingine chepesi, na vyote hunywa kidogo kabla hujanywa wewe. Tena ule ulezi ulikuwa umetuama chini ya jagi, kwa hiyo mbege ya kwanza ilikuwa maji matupu na ya mwisho ilikuwa uji.

"Unaipima kabla hujaikoroga?" mama aliuliza kwa huruma iliyouma kuliko matusi.

Theodory akakaa juu ya ndoo. Krismasi ilikuwa kesho. Alikuwa ameshamwona baba yake, akidhani haonekani, akijaribu kushika jagi kwa mikono yote miwili nyuma ya zizi la ng'ombe, na picha hiyo ilikuwa inamvunja moyo.

"Mimina tena," mzee akasema kutoka kwenye kiti chake. "Kwa mkono wako wewe."

Theodory akakoroga, akamimina. Mzee hakutazama. Alifumba macho, akainamisha kichwa kidogo.

"Basi."

Kata ilikuwa imejaa, povu likiwa limekaa juu kama kofia. Wakachukua kibuyu kingine, kinene. "Basi." Kimejaa. Kile chembamba chenye shingo iliyopinda. "Basi." Kimejaa.

"Unajuaje, baba?"

"Inasema yenyewe. Mwanzo inaongea kwa sauti nene, ikikaribia ukingo sauti inakuwa nyembamba. Povu haliongei. Miaka arobaini nimemimina huku nikizungumza na watu, unadhani nilikuwa natazama?"

Theodory alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa ametafuta jicho na mzani kote Pasua, na sikio lilikuwa limekaa kwenye kiti siku zote. Akaenda kwenye cherehani ya mama, akafungua kanyagio, akaliunganisha na mota: ukikanyaga mkono unamimina, ukiinua mguu jagi linarudi. Miguu ya mzee haikuwa na tatizo lolote.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, ukoo ulijaa kihambani. Primus alifika na gari jipya na suti, akautazama ule mkono.

"Kaka, heri ya Krismasi. Lakini tuseme ukweli. Hapa mashine ndiyo inayomimina, siyo wewe."

"Primus, umekuja kwa miguu?"

"Nimekuja na gari."

"Basi aliyekuja Krismasi ni gari. Wewe bado uko mjini."

Watu wakaangua kicheko, Primus mwenyewe akacheka. Mektrida akakoroga jagi. Mzee akafumba macho, akakanyaga. Kihamba kizima kikanyamaza, kila mmoja akisikiliza ile sauti ikipanda, na mguu ukainuka. Kata ilikuwa imejaa hadi ukingoni, pembeni pakavu. Mzee akainama pale pale juu ya meza, akaonja. Primus akaja, akainama, akaipokea kwa mikono miwili.

"Aika, kaka," alisema, akishukuru kwa lugha ya nyumbani, na safari hii hakuwa na utani.

Zikafuata kata kumi na tisa, bila tone kupotea. Ikafika zamu ya Theodory. Mzee akakanyaga, sauti ikapanda, ikawa nyembamba, na mguu haukuinuka. Mbege ikavuka ukingo, ikatiririka mezani, ikadondoka kwenye udongo. Theodory akaruka kuuwahi waya wa betri auchomoe.

"Kaa chini," baba yake akasema, na ndipo akainua mguu. "Mashine ni nzima. Tangu Pasaka namwaga bila kupenda. Leo nimemwaga kwa kupenda. Hiyo iliyoanguka ni ya babu yako, nimemwambia ana mjukuu."

Theodory akainama kupokea kata yake, na kwa machozi hakuona vizuri aliposhika.