Teke Ambalo Kila Mtu Aliliona

Hapa Osmer, Nebraska, kila mwanamume anajua mpira, ule wa Kimarekani wa kukimbia nao mikononi, kuliko kocha. Ng'ombe wake wamekonda, paa la ghala lake linavuja, lakini muulize kwa nini tulifungwa wiki iliyopita, atakuchorea mbinu kwenye karatasi ya kufutia mikono mpaka kahawa ipoe. Nimeolewa na kocha mwaka wa kumi na tisa huu, na wamenichosha wote.

Mume wangu ni Merle Haskett, mtu mpole mwenye kitambi na kitabu kimoja tu cha kusoma: kitabu cha sheria za mpira. Anakiweka chooni ndani ya mfuko wa plastiki, na kila asubuhi hunisomea kwa sauti kupitia mlangoni huku mimi nakaanga mayai.

"Arlene! Hebu sikia hii. Wenzetu wakipiga mpira juu, mdakaji wetu akipunga mkono, haruhusiwi kuguswa. Akidaka, mpira unakufa palepale."

"Uzikwe basi, njoo ule."

"Subiri, mke wangu! Halafu tunaruhusiwa kuuweka chini hapohapo na kuupiga teke kulenga milingoti. Teke la bure! Adui wanakaa yadi kumi mbali, wanatutumbulia macho tu. Alama tatu!"

"Nani amewahi kufanya hivyo?"

"Hapa kwetu? Hakuna."

"Basi toka chooni."

Sasa, hapa kwetu kocha hafukuzwi kwa barua. Barua huja baadaye. Kwanza watu humchomekea vibao mbele ya nyumba: NYUMBA INAUZWA. Kocha aliyetutangulia aliamka akakuta sita, na kabla ya chakula cha mchana mkewe alikuwa anafunga sahani kwenye magazeti. Nyumba yenyewe si ya kocha, ni ya shule, kwa hiyo hana hata cha kuuza. Lakini ujumbe unafika.

Oktoba hii zamu ilikuwa yetu. Vernon Svoboda, muuza pampu za maji na mwenyekiti wa bodi ya shule, alimshika Merle bega nje ya kanisa, akatabasamu kama mtu anayekupa pole ya msiba usioujua bado.

"Kocha, mkifungwa na Pell Creek Ijumaa, Jumatatu bodi inapiga kura. Si mimi, unanielewa. Ni watu."

Niliogopa, sitaki kudanganya. Mama mkwe wangu alifia kwenye nyumba ile akiwa ameshika mkono wangu. Nimepanda maboga pale, na najua ni ngazi ipi inalia ukiikanyaga. Nikaanza kuomba maboksi dukani, nikayaficha chini ya kitanda Merle asiyaone.

Ijumaa tulicheza saa tisa alasiri. Taa za uwanja ziliungua mwaka juzi, na bodi ilipokaa kuzijadili ikaamua kununua sanamu ya nyati. Upepo ulikuwa mkali, umebeba vumbi la mahindi yaliyovunwa. Nilikaa na bakuli langu la supu ya maharage na mkate wa mdalasini, safu moja nyuma ya Svoboda, nikasikiliza watu wakimwelimisha mume wangu.

"Haskett, umelala?"

"Refa, kamrudishie bibi yako miwani!"

"Hata mama yangu angepanga mchezo bora, na ana goti la chuma!"

Zikiwa zimebaki dakika mbili, Pell Creek walikuwa na alama kumi na sita, sisi kumi na nne, na mpira ulikuwa mikononi mwao. Svoboda akasimama, akajikung'uta makombo. Akamtazama mwenzake wa kushoto, mwenzake akamtazama wa mbele, na wote wakainuka.

"Tunawahi ng'ombe," alisema mmoja wao, bila kunitazama.

Svoboda hana ng'ombe. Ana pampu.

Waliondoka wanaume kumi na mmoja. Nilisikia magari yao yakiwaka, nami nikayafikiria maboksi.

Uwanjani, vijana wetu waliwazuia Pell Creek mara tatu. Zikabaki sekunde tisa, nao wamebanwa karibu na milingoti yao wenyewe. Wakaamua kuupiga mpira mbali ili yaishe. Waliupiga dhidi ya upepo, na upepo ukaukataa. Ukapanda, ukasita, ukaanza kushuka karibu. Mdakaji wetu akainua mkono juu, akapunga, akaudaka. Refa akapuliza filimbi. Mpira umekufa yadi thelathini tu kutoka mstari wao wa mwisho, zimebaki sekunde nne.

Mashabiki waliosalia walitaka mpira urushwe. Wote walipayuka kwa pamoja, "Rusha! Rusha!" Merle hakurusha kitu. Alimwendea refa polepole kama mtu anayekwenda kuulizia bei ya dirisha.

"Tutapiga teke la bure," alisema.

Kocha wa Pell Creek alikuja mbio. "Teke gani? Hakuna kitu kama hicho!"

"Kipo."

"Miaka thelathini nafundisha mpira, sijawahi kukisikia!"

"Inawezekana mlango wako wa chooni ni mzito," Merle alimjibu, akatoa kitabu kwenye ule mfuko wa plastiki.

Refa hakukihitaji. Alikuwa anatabasamu. Nadhani naye alikuwa ameisubiri siku ile maisha yake yote.

Akaitwa Ingrid Kolar, msichana wetu wa mateke, ambaye msimu mzima alikaa benchi amejifunika blanketi. Pell Creek wakajipanga yadi kumi mbali, hawajui mikono waiweke wapi. Watu wetu wakamzomea Merle, watu wetu wenyewe! Mimi nilisimama juu ya kiti, supu ikanimwagikia viatuni. Ingrid akakimbia hatua tano, akapiga, na upepo uleule ukaubeba mpira katikati ya milingoti kama mzigo uliolipiwa. Kumi na saba kwa kumi na sita. Nililia kwa sauti na sikujali.

Tulipofika nyumbani, vibao vilikuwa kumi na kimoja. Merle alivihesabu, akacheka, akaenda chooni. Mimi nikaona nyundo kwenye nyasi, imesahauliwa kando ya maboga. Kwenye mpini zilichomwa kwa moto herufi mbili: V.S.

Asubuhi mkahawa wa Dottie ulijaa, na kila mtu alikuwa shahidi.

"Nililiona kwa macho yangu haya," Svoboda alikuwa anasema, uma umebeba chapati ya asali. "Nimemwambia Merle tangu Agosti: kaka, usisahau teke la bure."

Nikaiweka nyundo kando ya sahani yake.

"Umeisahau kwangu, Bwana Svoboda."

Dottie aliacha kumimina kahawa.

"Ah... nilipita kuangalia bomba lenu la maji."

"Ulipita kabla ya teke, au baada ya kuliona?"

Meza nzima, wanaume kumi, ghafla wakayapenda mayai yao.

"Mama Haskett," alisema kwa sauti ya chini, "Jumatatu tutampa mkataba. Mwaka mmoja."

"Vile vibao vina miandiko," nilisema kwa sauti ya juu. "Dottie anaijua miandiko ya watu wote hapa. Nimletee vingapi?"

"Miaka mitatu," alisema haraka.

"Na taa za uwanja."

"Na taa."

Nyundo nilimwachia, ni yake. Vibao nimeviweka stoo, vyote kumi na kimoja, mahali pakavu. Msimu ujao tunaanzia ugenini, Pell Creek, na sitaki majirani wahangaike kutafuta mbao.