Tochi ya Kuchaji

Bibi Josepha alitaka tochi ya betri za kawaida. Neno hilo alilisema Jumapili walipotoka misa, akalirudia Jumatatu kwenye uji, na Jumanne asubuhi alikuwa ameshavaa viatu na kukaa barazani, fimbo mkono huu, pochi mkono ule.

"Kadogo tu, ka kuingia mfukoni," alimwambia mkwewe. "Nikitaka kwenda uani niende zangu, nisimsumbue mtu."

Hyasinta alikuwa anafunga mlango. "Humsumbui mtu, mama. Tuko wawili tu. Usiponisumbua mimi utamsumbua nani?"

Alisema kwa upole. Hiyo ndiyo sauti iliyomfanya achaguliwe kuongoza rozari kwenye jumuiya yao pale Magomeni. Ungemsikia ungeapa mwanamke huyu hana kinyongo hata cha punje ya mtama. Na kweli hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kimekaa tu, kama jiwe ndani ya mchele, ambalo hulioni mpaka ulitafune.

Miaka saba nyuma, siku ya tatu ya msiba wa Athanas, waombolezaji bado wako kwenye mikeka, Bibi Josepha alimfuata mke wa marehemu mwanawe jikoni akanyoosha mkono. "Funguo." Hyasinta akatoa. Funguo za kabati la vyombo, za unga, za sukari. Kwa miaka minne, mtu mzima mwenye mtoto, Beno, sekondari, alikwenda kusimama mlangoni kwa mama mkwe kuomba sukari ya chai, na bibi hakuinuka upesi. Alimaliza kwanza kusuka ukili wake, akaukunja, akatafuta miwani. "Subiri, nina kazi." Halafu ikaja presha ya macho. Hospitali wakasema kilichopotea hakirudi. Siku bibi aliposhindwa kuliona tundu la kufuli, funguo zilirudi kwa Hyasinta bila mtu kuziomba.

Sasa mchana bibi aliona vivuli, na giza likiingia hakuona kitu, labda mwanga ukimulikwa pale pale miguuni. Kati ya mlango wa nyuma na choo kulikuwa na mtaro usio na mfuniko. Taa ya uani iliungua tangu Kwaresma, na kila alipoulizwa Hyasinta alijibu kwamba fundi atakuja. Kwa hiyo kila bibi aliposhikwa na haja ilibidi aite, ashikwe mkono, apelekwe, asubiriwe. Akipata tochi yake na betri zake, hataita tena. Wote wawili walilijua hilo walipopanda bajaji kwenda Kariakoo.

Duka lilikuwa upenyo tu kati ya maduka mawili ya mabegi, limejaa nyaya, redio na taa mpaka darini. Mwenye duka, kijana wa Kimachame aitwaye Godbless, aliinuka kwenye kigoda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekula?"

"Nimekula, mke wangu, ila hukunipikia wewe."

"Ungeleta mchele ningekataa?" Bibi alicheka, akashika ukingo wa meza ya kioo. "Nataka tochi ndogo. Nionyeshe zote, nitaziangalia kwa mikono."

Godbless akapanga tatu. Bibi akaanza na ile ya kuning'inizwa kwenye funguo. "Hii inakula betri gani?"

"Hivi vidogo, bapa kama vidonge. Vya saa."

"Kikinidondoka nikitafute kwa pua? Toa."

Ya pili ilikuwa ya bati gumu, urefu wa kidole cha kati. Bibi hakuuliza. Aliizungusha kitako, ikafunguka, betri ikadondokea kiganjani. Kidole gumba kikapapasa, kikaikuta ile chuchu ya juu, kikaikuta bapa ya chini. Akairudisha ndani, akakaza, akabonyeza. Mwanga ukapiga usoni kwa Godbless.

"Unang'aa?"

"Unanipofusha, bibi."

"Basi ni hii. Betri zake hata pale kona kwetu zipo. Na zikichoka naanika juani, siku mbili tatu zinafufuka. Redio yangu nimeiendesha hivyo tangu Masasi."

"Bibi wewe fundi," Godbless alisema.

Hyasinta alikuwa amesimama nyuma, mkoba kifuani, akiiangalia mikono ile. Tangu macho yapotee hajaiona ikifanya kitu kwa uhakika hivyo. Aliona betri zimepangwa dirishani kwa bibi kama dagaa wanaokauka. Akamwona bibi akienda uani na kurudi, akipita mbele ya mlango wake bila hata kukohoa. Akanyoosha mkono akachukua ile ya tatu.

"Na hii?"

"Hiyo ya kuchaji, mama. Waya wake huu, unachomeka kama simu."

"Betri yake inatoka?"

"Haitoki. Imefungiwa humo humo."

"Ikijaa inakaa muda gani?"

Godbless alidhani ameelewa swali. "Hiyo ndogo haikai sana. Ukiiwasha mfululizo, saa mbili. Lakini ninayo nyingine hapa inakaa siku nzima, bei inazidi kidogo tu."

"Hii inatosha," Hyasinta alisema.

Bibi aligeuza uso. "Soketi iko wapi?"

"Si iko nyumbani, mama."

"Nyumbani wapi? Chumbani kwangu haipo."

"Chumbani kwangu ipo."

"Kwako."

"Chumba changu kina mlango, mama, na mlango hufunguliwa."

Mkono wa bibi ulikuwa bado umeifumbata ile ya bati. Godbless aliangalia huku, akaangalia kule. Hyasinta akasogea, akaweka kiganja juu ya mkono wa mama mkwe, polepole, kama anavyowafanyia wagonjwa wa Wodi ya Wazee siku ya kwenda kuwaombea.

"Betri hizi huvuja, mama. Ule ute wake unakula hata chuma. Wewe utazishika, utaziuma kwa meno kama mlivyozoea, halafu ujifute macho. Hicho kimwanga Mungu alichokubakishia, tukiue kwa betri? Kaka, mwambie bibi. Si huvuja?"

"Zikikaa sana huvuja," Godbless alisema.

"Na ule ute ukiingia jichoni?"

"Si mzuri." Hapo hakudanganya hata neno. Lakini alikuwa mfanyabiashara, na ya kuchaji ilikuwa na faida zaidi, na mwenye kulipa alikuwa huyu aliyesimama nyuma. Aliitoa ile ya bati mkononi mwa bibi, kidole kwa kidole, akairudisha chini ya kioo. "Una bahati, mke wangu. Wakwe wa siku hizi hawajali hivi."

"Bahati ninayo," Bibi Josepha alisema. "Na mimi nilimtunza hivi hivi."

Hyasinta akalipa, wakatoka.

Siku tatu za mwanzo bibi aliitumia kwa ubahili. Aliwasha akifika mlango wa nyuma, akazima akishika mlango wa choo. Hakuita. Hyasinta, kitandani, alisikia fimbo ikienda na kurudi. Siku ya nne mwanga ulikuwa wa njano, na siku ya tano, alipofungua dirisha asubuhi, aliiona tochi imelazwa juani, kwenye tofali kandokando ya kamba za kuanikia, juu ya leso safi. Bibi amekaa pembeni anafukuza kuku.

Zulekha, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa anafua. Akaja mpaka dirishani, mikono ina povu. "Mama Beno, bibi anaanika nini? Si ile ya kuchaji?"

"Ndiyo."

"Mbona hujamwambia? Jua litaiua."

"Mwache, Zulekha. Mtu mzima hafundishwi."

"Nimwambie mimi?"

"Wewe fua nguo zako. Kodi ya mwezi huu umeshaleta?"

Zulekha akarudi kwenye beseni lake. Tochi ikaanikwa siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Kila jioni bibi aliifuta kwa leso, akabonyeza, akaisogeza karibu na jicho la kulia, lile lenye nafuu, akasubiri. Usiku alikwenda gizani, mkono ukutani. Asubuhi moja kiatu chake cha kushoto kilikutwa kimelowa tope la mtaro mpaka kisiginoni. Hyasinta akakiosha, akakiegesha mlangoni kwa bibi.

Ijumaa, saa mbili kasoro usiku, Hyasinta alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, yuko tendo la tatu la uchungu, Yesu anatiwa miiba kichwani, aliposikia fimbo ikisimama nje ya mlango.

"Hodi."

Salamu Maria ya sita. Ya saba.

"Hodi, Mama Beno."

"Nasali, mama."

"Nimeleta tochi. Na nataka kwenda uani, nipeleke. Leo siwezi kwenda na ukuta, miguu inatetemeka."

"Nimesikia. Nikimaliza."

Alimaliza tendo la tatu. Nje, fimbo ilihama kulia, ikahama kushoto. Pumzi za bibi zilisikika kwenye upenyo wa mlango, fupi, kama za mtu aliyebeba ndoo.

"Mama Beno. Nakuomba."

Miaka ishirini na sita ya kuolewa humo, neno hilo hakuwahi kulisikia likitoka kwenye kinywa kile. Mlango ulikuwa hatua mbili. Hyasinta alibusu msalaba wa rozari, akaanza tendo la nne. Hakuzikimbiza Salamu Maria, kwa sababu kuzikimbiza ni dhambi. Alikuwa kwenye ya tano alipoyasikia maji yakianguka kwenye sakafu ya saruji, kidogo, yakakatika, kisha yakaja yote.

Alimaliza kumi zake. Akamaliza na Atukuzwe Baba. Akafanya ishara ya msalaba, akafungua.

Bibi Josepha alikuwa amesimama palepale, gauni limegandana na mapaja, tochi ameinyoosha kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka, uso ameuelekeza pale alipodhani uso wa mwenzake upo. Hyasinta akaipokea, akaichomeka ukutani. Kitaa chekundu kikawaka. Akaenda akaleta ndoo na tambara, akapiga magoti, akafuta sakafu, kisha akamfuta bibi miguu, katikati ya vidole, taratibu, bila kukunja uso.

"Usijali, mama. Uzee huu, sote tunakwenda huko." Alikamua tambara. "Kesho uje mapema kidogo, kabla sijaanza kusali."

Bibi Josepha aliinua mguu wa pili ili ufutwe.

"Nije saa ngapi?" aliuliza.