Nyumba Zilizokuja Kumpongeza Bi. Nyanzobe

Jana usiku niliota nasherehesha hafla ya kumpongeza Bi. Nyanzobe, na wageni waalikwa wote walikuwa nyumba.

Hilo halikunishangaza. Mimi ni mshereheshaji wa harusi hapa Shinyanga, nimeshazoea wageni wa kila aina. Nyumba za matofali zilikaa mbele, za udongo nyuma, na jumba moja la ghorofa lilikalia viti vitatu huku likilalamika kwamba limebanwa. Zile za bati zilivua mapaa yao kwa heshima, zikayapakata.

Bi. Nyanzobe ni mtu wa kweli kabisa. Anauza mitumba, na familia zinazolala kwenye baraza la ghala la pamba huzitafutia vyumba na kuwapeleka watoto wao shule. Kamati ya mtaa imeniomba nishereheshe siku yake ya pongezi, Jumamosi ijayo. Nadhani ndoto iliamua kuwahi.

"Ndugu mshereheshaji," likasema lile jumba, "huyu mama tunampongeza kwa lipi hasa?"

"Anasaidia wasio na makazi," nikajibu.

"Wanaosaidia ni wengi. Sisi tumekuja kwa ajili ya hodi yake."

Kabla sijauliza, ukumbi ukaondoka. Tuko mbele ya ghala la pamba, mchana, na wingu jeusi limetuinamia. Nyumba zimejipanga ng'ambo ya barabara. Kwenye baraza kuna boksi la friji lililolazwa ubavu, na ndani yake amekaa Minza, mama ninayemwona pale kila nikipita, pamoja na bintiye Limi na kichanga kinachokohoa.

Bi. Nyanzobe anasimama kando ya boksi. Hachungulii. Amegeuza uso pembeni, kama mtu mwenye adabu anavyosimama mlangoni pa watu.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama," anaitikia Minza.

Neno linamtoka kinywani na ukuta unachipuka. Nauona kwa macho yangu haya: tofali juu ya tofali, plasta, dirisha lenye nondo. Nyumba za ng'ambo zimesimama, hakuna hata mlango unaolia.

"Umeona?" jumba linaninong'oneza. "Fundi hujenga kuta tu. Nyumba huwa ya mtu pale anaposema karibu. Wengine huwaletea hawa chakula na kuingia kama wanaingia sokoni. Huyu hupiga hodi, hata kwenye boksi."

Bi. Nyanzobe ananigeukia. "Limebaki paa, baba. Hilo ni la mgeni wa pili. Nenda upesi, mvua inakuja na mtoto ana kifua."

Mimi huyo, moja kwa moja mpaka ndani, tabasamu limejaa usoni kama ninavyoingia kwenye maturubai ya harusi. "Ndugu zangu, hamjambo?"

Kuta zikaanguka bila kelele. Tukajikuta tumebanana ndani ya boksi, na tone la kwanza likanipiga shingoni. Minza hakunikasirikia. Alivuta kanga akamfunika mtoto, kama mtu aliyezoea kuingiliwa hivyo. Aibu iliyonipata hapo sijawahi kuionja.

"Toka uanze upya," likasema jumba. "Lakini hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa unaondoka, na sisi tunaondoka."

Nikatoka. Nikageuza uso pembeni.

"Hodi."

Kichanga kinakohoa.

"Hodi wenyewe."

Mvua inakaza, boksi linalegea. Minza amenyamaza, na ana haki yake. Sauti yangu, inayojaza kumbi bila kipaza sauti, imenikauka.

"Hodi, jamani. Naomba kuingia."

"Karibu," anasema Limi. "Ila vua ndala, tumefagia."

Nikavua. Kuta zikapanda tena, na paa likashuka juu yake taratibu, bati jipya linalong'aa. Mvua ikalipigia makofi. Ng'ambo ya barabara nyumba zote zikainama, jumba la ghorofa likiwa la kwanza. Kichanga kilikuwa kimelala. Nililia, sifichi.

Niliamka kumekucha, mke wangu akiwa mlangoni.

"Ndala zako umezipeleka wapi?" akauliza. "Zangu zipo, za watoto zipo."

Nilitafuta hadi uvunguni. Mwishowe nikatoka peku, nikaenda mpaka kwenye ghala la pamba. Boksi lilikuwa palepale, limelowa pembe moja. Nje yake ndala zangu zilikuwa zimepangwa pamoja, zimegeuzwa kuelekea barabarani, kama anavyowekewa mgeni atakayetoka.

Nikasimama kando, uso pembeni.

"Hodi hapa," nikasema.

Kichanga kilikohoa. Halafu nikasikia sauti ya Limi.

"Karibu tena."