Uhakiki wa Pili

Wasomaji walimwita Kisu, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na mitatu alihakiki albamu za roki na jazi gazetini, mpya na za zamani, kila Ijumaa ukurasa wa kumi na nne. Kila albamu aliisikiliza mara tatu: ya kwanza amesimama, ya pili ameketi na kalamu, ya tatu yuko chumba cha pili na mlango umefungwa, maana alisema muziki wa kweli hupenya ukuta. Wanamuziki walimwogopa kama ukoma. Hilo halikumkosesha usingizi hata siku moja. Mkuki kwa nguruwe.

Jumatatu moja asubuhi mhariri alimwita, akamsukumia bahasha juu ya meza.

"Kuna kampuni huko nje imeitoa upya albamu ya zamani ya jazi, watu wanaigombea. Ni ile ya shemeji yako. Si uliihakiki wewe ilipotoka?"

"Niliihakiki."

"Basi ihakiki tena. Maneno mia nne. Na usituaibishe, kila mtu anaisifu."

Kisu alitoka na bahasha kwapani, miguu mizito kama ya mtu aliyeitwa polisi. Uhakiki ule wa kwanza aliukumbuka neno kwa neno. Ulikuwa wa mwaka wake wa kwanza gazetini. Aliandika kwamba tarumbeta la shemeji yake lingefaa zaidi kuwaita watoto wa shule mstarini. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na waliocheka zaidi ni wale ambao hawakuwahi kuisikia hiyo albamu. Shemeji akabandikwa jina la Kengele. Akipanda jukwaani, vijana wa viti vya nyuma wanapiga kelele: "Mstarini!" Haukupita mwaka bendi ikasambaratika, na mpiga tarumbeta akaenda kujifunza kutengeneza friji.

Watu hawakujua jambo moja. Kabla albamu haijarekodiwa, Kisu mwenyewe alikuwa akipiga gitaa la besi katika bendi ileile. Shemeji alimvuta pembeni siku moja baada ya mazoezi, akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, masikio yako ni mazuri kuliko vidole vyako." Walikuwa wawili tu, hakuna aliyesikia. Lakini neno lile liliingia, likakaa, likaoza. Albamu ilipomfikia mezani, alisikiliza nyimbo tatu tu kisha akazima. Hakuizima kwa ubaya wake. Aliizima kwa sababu ilikuwa nzuri, na yeye hakuwemo.

Sasa aliisikiliza yote. Mara ya tatu alikaa jikoni, mlango umefungwa. Wimbo wa nne ulipoanza, tarumbeta lilikuja kupitia ukutani polepole, kama mtu anayepanda ngazi amembeba mtoto aliyelala. Kisu alifunika uso kwa mikono yake miwili, akabaki hivyo mpaka albamu ikaisha.

Aliandika siku hiyohiyo. Alisifu kila kilichostahili kusifiwa, na mwishoni akaweka: "Miaka ile nilikosea." Jumatano, kabla haujachapishwa, aliupeleka uhakiki huo kwa dada yake.

Dada alifungua mlango, akamtazama juu hadi chini. "Kuna nini, msiba?"

"Hapana, dada. Nimemletea shemeji kitu."

"Yuko uani."

Shemeji alikuwa amelaza friji ubavu, mota yake iko nje. Alipangusa mikono kwa kitambaa, akavaa miwani, akasoma taratibu, huku dada amesimama mlangoni. Meno ya mbele yalikuwa yamemtoka, mdomo umebonyea. Hata angerudishiwa tarumbeta leo, angelipuliza kwa nini?

"Umeandika vizuri," alisema alipomaliza. "Ila hapa umesema ulikosea."

"Ndiyo, shemeji. Nakiri."

"Hukukosea. Anayekosea ni asiyejua. Wewe una masikio, nilikwambia mwenyewe."

Kisu alitazama ile mota.

"Andika kilichotokea," shemeji alisema. "Andika kwamba nilikutoa kwenye bendi. Mimi sitaki sifa. Nataka wale waliokuwa wakinicheka wajue walikuwa wakicheka nini."

"Shemeji, nafasi yenyewe ni ndogo. Maneno mia nne tu..."

Dada alicheka, kicheko kikavu kisicho na raha. "Ya kumzika mwenzio yalikutosha mangapi?"

Shemeji alikunja karatasi mara mbili, akamrudishia, akainama tena juu ya friji.

Alhamisi Kisu aliketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Aliandika sentensi moja: "Mpiga tarumbeta huyu aliwahi kunitoa kwenye bendi yake, na nililipiza kisasi." Aliisoma. Akamuwaza mhariri, akawawaza wasomaji, akawaza jina lake. Akaifuta. Saa tisa alasiri alituma makala kama ilivyokuwa.

Ijumaa simu haikutulia. Wasomaji walimpongeza: muungwana hukiri kosa, walisema, wangapi wana moyo huo? Redio ikamwalika azungumzie unyenyekevu wa mhakiki. Mhariri alimpiga bega mbele ya ofisi nzima. Katikati ya pongezi hizo uliingia ujumbe wa mpwa wake, binti wa dada: "Mjomba, mama amesema usije tena nyumbani. Baba hajasema kitu. Amesoma gazeti, akalitumia kufungia vipuri vya friji."

Wiki iliyofuata aliletewa albamu mpya ya roki, ya vijana wanne wasiojulikana. Aliisikiliza mara tatu, kama desturi yake. Gitaa lilikuwa likilia, dramu zikienda mbio, na yeye akawa anajichunguza moyoni: hii naipenda, au nawaonea huruma? Naichukia, au nawaonea wivu ujana wao? Akaandika kwamba albamu ni nzuri. Akatuma, bila kujua kama alikuwa amesema kweli.