Aliyeuzima Mtaa wa Bondeni

Nikutegee kimoja, nawe usikimbilie kujibu. Amelala chini ya barabara, hali wala hanywi, na maneno ya mji mzima yanapita tumboni mwake. Ukimkaba koo, mji unakuwa bubu.

Ni waya wa mtandao. Hicho chepesi, hata mtoto anakipata. Kigumu ni hiki: asubuhi ile, nani alimkaba koo?

Fundi wa mitambo hakuwa na habari. Alikuwa juu ya kilima, amechuchumaa ndani ya kibanda cha mnara, anapima betri. Mkuu wa kampuni alikuwa amempigia mwenyewe kabla hajapiga mswaki. "Betri ya kilimani inakufa, Mama Laini. Nenda sasa hivi." Akapanda kwa miguu kwenye utelezi, matope mekundu yakamganda hadi vifundoni. Betri ilikuwa nzima. Akapima tena. Nzima. Akabaki anaitazama kama mtu aliyeitwa msibani akamkuta marehemu anakunywa chai.

Alimpigia Mkuu. Simu haikutoka. Akampigia mama yake, kule bondeni. Haikutoka. Taa za mnara zilipepesa vizuri tu, na umeme ulikuwepo. Mnara ukiwa hai na simu hazitoki, aliyefunga amefungia ofisini, chumba cha mitambo. Akateremka mbio.

Bondeni alimkuta mama yake amekaa juu ya kitanda, na kitanda kiko nje, kwa sababu ndani hapakuwepo tena. Matingatinga yaliyobomoa mtaa yalikwisha kuondoka.

"Tumepiga simu mpaka vidole vimechoka," mama alisema. "Gari la wagonjwa, redio, wewe. Hakuna iliyotoka. Mshonaji alikuwa ndani, mwanangu. Ukuta umemlalia."

Alionyesha kwa kidevu. Mkeka ulikuwa umetandazwa juu ya kitu, na pembeni ilichungulia futi ya kupimia nguo, ya manjano, kwenye udongo mweusi.

"Alikuwa anaita muda wote ule," alisema mke wa mchomeleaji, jirani yao. "Muulize vizuri binti yako. Si ndiye mwenye mtandao? Na sisi tulivyojisifu, tuna mtu wetu kule."

Mama alimtazama binti yake kuanzia miguuni. "Ni wewe?"

"Mama, hata wewe?"

"Nimeuliza tu."

Mwisho wa mtaa nyumba moja ilikuwa imesimama, ya mjomba wake, mdogo wa mama. Alama za matairi ya chuma zilifika hadi kizingitini, kisha zikapinda kwa adabu, kama mgeni aliyekumbuka kuvua viatu.

Mjomba ndiye bawabu wa chumba cha mitambo. Ndiye aliyemwombea kazi.

Alimkuta ofisini, kwenye kiti chake mlangoni. Nje ya geti watu wa bondeni walishaanza kukusanyika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Nyumba yako imesimama."

"Mungu mkubwa."

"Nani aliingia humu nikiwa kilimani?"

Mjomba alizipanga funguo mkononi, moja moja. "Umekula, mwanangu?"

"Mlango huu unaufungua wewe peke yako, mjomba."

"Nimekuuliza kama umekula."

Akaingia, akakaa mbele ya mtambo. Miguu haikufika chini. Kiti chake kilikuwa kimepandishwa juu, kimekaa kiume, cha mtu mrefu. Na hewa ya chumba ilinukia manukato aliyoyajua, yale yanayomtangulia Mkuu kwenye kila kikao.

Mtambo ulikuwa na jina moja tu la kuingilia, nalo lilikuwa lake. Wiki ya kwanza kazini aliomba kila mtu apewe jina lake na neno lake la siri, ndivyo alivyofundishwa chuoni. Mkuu alicheka. "Majina ya nini? Sisi familia moja." Basi wakaingia wote kwa jina lake: vijana wa zamu, mhasibu akitaka kutazama mpira, Mkuu mwenyewe. Naye fundi, usimcheke, aliona fahari. Kila kilichotendeka mle kilitendwa na yeye. Ndipo wakampa lile jina, Mama Laini.

Hakupata hata muda wa kukishusha kiti. Aliitwa juu.

Mkuu alikuwa na askari wawili. Kioo cha kompyuta kiligeuziwa upande wao.

"Mimi nimekataa kuamini," Mkuu alisema taratibu. "Nimewaambia, huyu ni binti yangu. Lakini mtambo hauna undugu. Umeandika nani amefunga laini ya bondeni."

"Nilikuwa kilimani. Wewe ndiye uliyenituma." Akatoa simu. "Ulinipigia alfajiri."

"Nilikupigia kukutakia siku njema. Kuna ubaya?"

"Tazameni viatu vyangu. Huu ni udongo wa kilimani. Huku chini hakuna udongo mwekundu."

Askari mmoja aliinama kidogo, akatazama viatu, akatazama zulia lilivyodondokewa na vipande vya tope kavu. Nje kelele zilipanda; jina la Mama Laini lilisikika hadi mle ndani.

"Aitwe bawabu," askari alisema.

Mjomba aliingia na kofia mkononi.

"Karibu, mzee wangu," Mkuu alimdaka. "Nyumbani wazima?"

"Wazima, bosi."

"Na nyumba yenyewe?"

"Imesimama, bosi."

"Tunashukuru."

Askari alikohoa. "Mzee, mlango ni wako. Nani aliingia chumba cha mitambo asubuhi hii?"

Mjomba alimtazama mpwa wake usoni, mara moja, halafu viatuni. Alipiga magoti polepole, magoti yake yakalia. Akaanza kuokota tope kwenye zulia, kipande kwa kipande, kama alivyozoea kuokota uchafu wowote wa ofisi ile kwa miaka yote. Akapangusa kwa kiganja mpaka zulia likawa safi. Akatia lile tope jekundu mfukoni mwa koti.

Kisha akainuka.

"Mpwa wangu," alisema. "Aliingia yeye, peke yake."