Kochi Hukaliwa Kabla ya Kitambaa

Katika karakana ya Springi, fundi makochi, kulikuwa na sheria moja tu, na haikuvunjwa hata kwa mteja mwenye haraka zake. Kochi likishafungwa mikanda, likawekwa springi na sponji, halivikwi kitambaa mpaka mwenyewe aje alikalie. Wapo walioona ni usumbufu. Mkurugenzi mmoja, bwana mwenye mwili wake, alikataa katakata kukaa juu ya sponji tupu mbele za watu, eti ataonekanaje. Springi akamwambia basi achukue kochi lake hivyo hivyo akalifunike shuka nyumbani. Bwana akakaa. Springi ya kushoto ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikang'olewa, ikawekwa nyingine, na tangu siku hiyo mkurugenzi akawa mteja wa kudumu. Springi alisema ukishavika kitambaa, kosa lililo ndani hulioni mpaka likuchome makalio, na kulirekebisha ni kuchana kila kitu.

Kwa hiyo hakuna aliyepaswa kushangaa siku alipotangaza kwamba anataka kujaribu kufa. Walishangaa vilevile.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari aliwaeleza bila kuzunguka: wanaweza kuendelea kumlaza na kumtoa, kumlaza na kumtoa, hadi mwisho mashine zipumue badala yake, au anaweza kubaki nyumbani, apewe dawa za kutuliza maumivu na za kumpunguzia tabu ya kupumua, na siku ikifika imkute hapo. Springi hakuomba muda wa kufikiri. Alitaka chumba cha mbele, kitanda kiwe dirishani, aisikie karakana yake iliyokuwa ng'ambo ya ua. Hataki gari la wagonjwa, hataki mtu wa kumbonyeza kifua. Mkewe alilia kutwa nzima, kisha akafuta machozi akaenda kuchomoa mapazia ya chumbani na kuyatundika chumba cha mbele, kwa sababu yale ya mbele yalikuwa yamefifia, na mume wake hatakufa akitazama mapazia yaliyofifia, yeye yupo.

Aliyekubali upesi kuliko wote alikuwa binti yao mkubwa, Nesi. Hata mama yake mzazi alimwita Nesi tangu siku alipovaa sare ya kwanza. Alifanya kazi wodi ya dharura, na alikuwa ameona watu wengi mno wakiondoka na mipira puani, wakitazama dari wasiyoijua. Alimwahidi baba yake kwamba matakwa yake yatafuatwa, na alimaanisha. Hata hivyo Springi alimtazama kwa jicho lile la kutazama kochi lililotengenezwa na fundi mwingine. Nje lilikuwa zuri tu.

Basi Jumamosi moja baada ya chai akawakusanya wafanye zoezi la siku yake ya kufa. Mkewe akasema anajichuria. Springi akajibu kwamba mtu mwenye moyo kama wake hana tena nuksi ya kuogopa, zote zimeshafika. Seremala, rafiki yake wa tangu ujana aliyemchongea fremu zote, alicheka mpaka akakohoa, akavuta stuli akakaa mbele kabisa kama aliyelipa kiingilio. Kitindamimba, aliyeachiwa karakana, akaagizwa arudi kazini agonge nyundo kama kawaida, maana kimya kitamtia baba yake hofu. Tena agonge kazi ya kweli, asigonge hewa, atajua tofauti.

Akawagawia wengine nafasi zao. Mkewe ashike miguu, kwa kuwa miguu ndiyo inayopoa na yeye ndiye mwenye viganja vya moto. Kulia ruksa, ila si sikioni mwake. Seremala asimulie habari ya kochi la mwenye nyumba. Nesi ashike mkono.

"Halafu nifanye nini?" Nesi akauliza.

"Hakuna," baba yake akasema. "Ndiyo kazi yako hiyo."

Habari ya kochi la mwenye nyumba waliijua wote kwa moyo. Springi na Seremala, wakiwa bado vijana wanaopanga chumba kimoja cha kufanyia kazi, walimtengenezea mwenye nyumba wao kochi la watu watano. Mwenye nyumba akaitwa kulikalia kabla ya kitambaa, kama sheria inavyotaka. Akakaa, akasifu, akalala. Wakaona afadhali wamsogeze nje apate upepo, na kufika mlangoni kochi likagoma. Walichofanya ni kung'oa fremu ya mlango na matofali ya pembeni, wakambeba mwenye nyumba juu ya kochi lake hadi uani, anakoroma. Kila mara Seremala alipofika pale pa kusema ndipo tukagundua mlango ni mdogo, Springi alimkatiza kwamba mlango ulipima wewe, na Seremala akaapa kwamba alipima Springi. Ugomvi huo ulikuwa umemzidi Nesi umri, na hakuna aliyetaka uishe.

Zoezi likaanza. Nyundo ikagonga ng'ambo ya ua, Seremala akasimulia, Springi akamkatiza pale pale pa siku zote, kisha akatulia. Pumzi yake ikawa ndefu, ikachelewa kurudi, ikarudi. Taya ikalegea. Kusema kweli alikufa vizuri sana. Mkewe alijisahau akaanza kulia kilio chenyewe. Vidole vya Nesi vilikuwa vimeteleza bila ruhusa kutoka kiganjani hadi kwenye mshipa, na mshipa ukaruka, ukapotea, ukaruka tena. Ndivyo ulivyokuwa kwa miezi sasa, naye alilijua hilo fika. Lakini mikono haikumsubiri. Aliuchomoa mto, akamlaza baba yake chali, akapanda na goti kitandani, simu ikiwa imebanwa begani, akiita gari kwa sauti ya wodini iliyomfanya Seremala asimame wima.

Springi akafungua jicho moja. "Nilishafika mbali," akasema. "Umenirudisha."

Gari likaja, hapakuwa na namna. Dereva alimfahamu Nesi na alipoelezwa akaona aibu kucheka, kisha akashindwa kujizuia. Akakaribishwa chai. Viti vilikuwa vimejaa, wakamletea kimoja cha karakana ambacho hakijavikwa, na Springi akiwa kitandani akamwambia kiti hicho ni kifupi kwa miguu yake, asije akakinunua. Majirani walifika na nyuso za msiba, wakaondoka na midomo mitamu ya chai, wakisimuliana hadi njia panda.

Nesi peke yake hakucheka. Alisimama jikoni akiosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Aliogopa. Sasa alijua kwamba ahadi yake haikuwa na kitu ndani, na kwamba siku yenyewe ikifika, ni yeye, binti yake wa kwanza, atakayempeleka baba akafie chini ya taa za wodi. Wageni walipokwisha kuondoka, akamwendea.

"Baba, mimi siwezi," akasema. "Tafuta mwingine akushike mkono. Mikono yangu haijui kukaa bure."

Springi hakuhuzunika hata kidogo. Alifurahi waziwazi, furaha ya fundi aliyekwisha kuijua springi inayolia ni ipi.

"Sasa si ndiyo maana tunakalia kwanza?" akasema.

Akamwomba mkewe alete kipande cha kitambaa cha mistari, akamwambia Nesi ashike upande mmoja. Alipokuwa mtoto, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake karakanani: baba anapigilia misumari huku, yeye ameshika kule. Akidhani anasaidia, alikuwa akivuta, na mistari yote ikaenda upande. Aliharibu vitambaa si haba kabla hajaelewa.

"Nilikuwa nakwambiaje?" Springi akauliza.

"Shika, usivute."

"Ulikuwa umekaa bure siku zile?"

Nesi akatikisa kichwa. Akalia hapo, kitambaa mkononi, na baba yake akamwacha alie.

Wakarudia zoezi kila Seremala alipopita kusalimia. Springi alikufa mara nyingi kiasi kwamba mkewe akawa anachambua mboga huku amembana miguu mapajani. Mwanzoni Nesi alikaza vidole, na baba yake, macho yamefumbwa, maiti mzima, akasema unavuta. Baadaye akawa hasemi kitu.

Asubuhi moja pumzi yake ilibadilika, na Nesi akaisikia kabla hajafika kitandani. Alimpa dawa aliyoiacha daktari, akasubiri uso wake ulegee, kisha akawaambia wote kwamba leo si zoezi. Hakuna aliyehitaji kuelekezwa. Mama akashika miguu. Seremala alikuja mbio, shati ndani nje, akavuta stuli yake. Kitindamimba akabaki mlangoni hajui pa kwenda, hadi baba yake alipoinua kidole kuelekeza karakanani. Akaenda. Nyundo ikaanza kwa kusitasita, halafu ikashika kasi yake, na ilikuwa kazi ya kweli.

Nesi akashika mkono, kiganja kwa kiganja, mbali na mshipa.

Sauti ya Seremala ilitetemeka mpaka mwenye nyumba alipoingia kulikalia kochi. Kuanzia hapo hadithi ikambeba. Mama akacheka huku machozi yanamtiririka. Mdomo wa Springi ukavutika upande mmoja, tabasamu lake la siku zote la kungoja zamu yake. Na hapo Nesi akausikia mkono wa baba yake, ambao tangu asubuhi ulikuwa umemshika pia, ukiacha kumshika. Alijua. Mikono yake ilitaka kuruka, akaizuia. Ilimuuma kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya, na ndani ya maumivu hayo akajikuta ana furaha asiyoitarajia, kwa sababu alikuwa ameshika na wala havuti.

Seremala hakuwa ameona. "Ndipo tukagundua mlango ni mdogo," akasema, akanyamaza, akisubiri kukatizwa kama alivyosubiri maisha yake yote.

Nyundo ikagonga ng'ambo ya ua.

"Mlango ulipima wewe," Nesi akasema.

Seremala akamtazama, akautazama mkono alioushika, akaelewa. Akajifuta macho kwa kiganja.

"Alipima baba yako," akasema, na akaendelea na hadithi mpaka mwenye nyumba akaamka uani.